Mwaka wa Povu

Niliambiwa niseme kwa kifupi. Bwana mmoja wa kamati ya mazishi, kalamu sikioni, alinijia hata sijakaa vizuri, akainama, akaniambia, "Mama, wewe tumekuweka upande wa marafiki. Sema machache tu, kwa sababu kuna kwaya." Nikamwambia sawa. Siku hizi sina nguvu za kubishana na kamati. Miguu ilikuwa inaniwaka kwa zile ngazi za ghorofa hapa Kware, Nairobi, chai niliyopewa ilikuwa imepoa ikafanya utando, na Nekesa alikuwa juu ya meza ndani ya fremu, amezungukwa na maua ya plastiki, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo vile alivyocheka maisha yake yote. Machache! Mwanamke niliyekaa naye chumba kimoja mwaka mzima, nikala naye sufuria moja, nikamsikia akilia nyuma ya pazia na nikajifanya nimelala. Sijawahi kumsimulia mtu habari za ule mwaka. Kila nikianza kutaja bakteria, watu hutoa simu.

Kitu kingine kilichonichosha mchana ule ni jinsi Nafula, binti yake, alivyokuwa akimtaja. "Nekesa alikuwa na presha." "Nekesa tunamsafirisha Bungoma Ijumaa." Wamama wa kanisa walikuwa wanatazamana kila akisema, na mmoja akanung'unika kwamba hata siku ya msiba, jamani. Sio kwamba Nafula hana adabu. Ni mwanamke mzima sasa, ana kazi yake, na wageni wote wa mle chumbani aliwapakulia kwa mkono wake mwenyewe. Ni kwamba aliyemlea utotoni alikuwa nyanyake, huyo ndiye aliyemwita mama, na aliyemzaa akamwita kwa jina, kama watu wazima walivyomwita. Wengi hulelewa hivyo na baadaye hubadilika. Nafula hakubadilika. Niliwahi kumwuliza Nekesa kama haimuumi. "Acha aniite atakavyo, Wambui," akanijibu. "Bora ananiita." Kisha akaniuliza kama kwetu mvua imenyesha.

Mwaka ninaousema, mimi na Nekesa tulikuwa wasichana wawili wenye vyeti vya maabara na bila kazi, na Daktari alikuwa mtu mzima mwenye wazo moja. Alikuwa ameacha kufundisha chuo kikuu kwa ugomvi ambao hakutueleza, akakodi chumba cha duka chini ya ghorofa moja hapa hapa Kware, katikati ya kinyozi na kibanda cha chips cha Mama Kevo. Sisi wawili tulipanga chumba juu, ghorofa ya nne ya ploti hiyo hiyo. Mle dukani kulikuwa na meza, friji iliyonguruma kama ina kifua, jiko la gesi, na pipa la chuma lililowahi kubeba maziwa. Wazo lake lilikuwa hili: kuna bakteria wa udongoni ambao ukiwalisha vizuri na kuwapulizia hewa, hutengeneza kitu kama sabuni. Kitu hicho hukamata mafuta yaliyoganda na kuyabandua kwenye chuma, kwenye simiti, popote, na kikimwagika mtoni hakina madhara kama sabuni za kemikali. Yeye alikiita bayosafaktanti. Nekesa alikiita sabuni ya wadudu, na baada ya muda hata Daktari akawa anakiita hivyo akijisahau. Wadudu wenyewe tulikwenda kuwachota nje ya gereji moja ya Industrial Area, mahali ambapo oili imemwagika miaka na miaka hadi udongo umekuwa mweusi. Mafundi walituuliza tumepoteza nini. "Tunatafuta mfanyakazi," Nekesa akawajibu, na mmoja akasema yeye yuko tayari hata leo.

Jaribio letu lilikuwa rahisi. Unatia maji kwenye sahani pana, unamimina oili chafu juu yake mpaka itandae, halafu katikati unadondosha tone moja la kile kilichotoka kwenye pipa. Kama sabuni imo, oili inakimbia. Mara ya kwanza ilikimbia hadi ukingoni, katikati pakabaki maji matupu, na Daktari, mtu wa tai kila siku ya Mungu, akaruka juu akapiga makofi. Siku hiyo hiyo alikwenda kuonana na tajiri mmoja mwenye godauni na matangi ya mafuta kule Industrial Area, wakakubaliana. Mapema tutakavyoweza, na si baada ya mwisho wa mwaka, tupeleke sabuni ya kutosha kuosha tangi moja lililogandamana na uchafu hadi limeachwa. Likitakata, Daktari anapata mkataba na sisi tunaandikwa kazi ya kudumu. Lisipotakata, funguo za duka zinarudi kwa mwenye ploti na kila mtu ashike njia yake.

Kwangu mimi kuandikwa kulikuwa kuandikwa tu. Kwa Nekesa kulikuwa Nafula. Mtoto alikuwa Bungoma, hajaanza shule, na nyanyake alikuwa ametoa sheria kwenye simu kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia nikiwa kitandani kwangu: "Mtoto halelewi na kibarua! Leo uko na kazi, kesho hauna, mtoto analala njaa huko Nairobi. Siku utaandikwa, kuja umchukue. Sitakuuliza kitu." Nekesa akamwahidi Nafula Pasaka. Pasaka ikapita, akamwahidi Agosti. Kila Jumapili tukitoka kanisani aliketi kitandani pake, akavuta pazia kana kwamba pazia huzuia sauti, akapiga simu. Mtoto alikuwa ameshalizoea neno la watu wazima. Hakuuliza utaniletea nini. Aliuliza, "Umeshaandikwa?" Nekesa akasema bado kidogo. Nilisikia kuku wa Bungoma, nikasikia mtoto akisema, "Haya," kisha simu ikapewa nyanya.

Bado kidogo ilikuwa uongo, na wote wawili tulijua, kwa sababu sabuni ilikuwa inapungua. Lile pipa la kwanza lilifukuza oili hadi ukingoni. Yaliyofuata yakaishia karibu na ukingo, kisha nusu ya sahani, kisha oili ikawa inasogea kidogo kwa shingo upande na kurudi. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," Nekesa akasema, amelikazia pipa macho kama mtu aliyekosewa na jirani. Daktari alijaribu kila alichowahi kusoma. Tuliwalisha wadudu molasi, ile ya kutoka viwanda vya sukari, kisha tukapunguza molasi, tukaongeza molasi. Tukatia urea, tukatia chumvi ya chuma. Baridi ya Julai ilipoingia nikatoa blanketi langu tukalifunika pipa, mimi nikalala na leso. Kwenye hadubini ungewaona wamejaa tele, wamenona, hawana shida na mtu. Sabuni tu ndiyo hakuna. Ghorofa nzima ikanuka molasi, na fununu ikatoka kwamba wale wasichana wa chini wanapika chang'aa. Mzee mmoja alishuka na chupa yake, akavua kofia, akaomba aonje kidogo tu. Tulipomwambia ni sabuni alituangalia kwa huruma.

Jioni tulikula ugali na sukuma, au ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, au tulikunywa chai ya rangi tukasema tumeshiba. Chumba kilikuwa kidogo hivi kwamba aliyetaka kupika ilibidi mwenzake akae kitandani na miguu juu. Ukuta wa kushoto ulikuwa na mume na mke waliogombana kwa Kiluhya, na Nekesa alinitafsiria huku akisonga ugali, akiongeza chumvi yake. Ukuta wa kulia ulikuwa na redio ya mahubiri. Sasa nikikumbuka, nashangaa tulivyokuwa wachovu na umri ule. Uchovu wa leo nauelewa, una dawa zake na vidonge vyake. Ule ulikuwa wa kufanya kila kitu vizuri na kukiona kinakwenda vibaya, na hakuna wa kumlaumu. Nekesa alianza kukonda. Kabla ya Pasaka alikuwa amenunua sweta dogo jekundu pale sokoni, akalikunja akaliweka chini ya mto wake, na Agosti ilipopita akalitoa, akalipima kwa macho, akasema, "Litakuwa limembana."

Nieleze tulivyofanya kazi, maana kosa lilikuwa humo, na lilikuwa kosa la watu kama sisi. Kwetu Murang'a na kwao Bungoma uji wa kuchacha hauanzi upya kila siku. Unabakisha kidogo chini ya chungu, unamimina mwingine juu yake, na ule wa jana unauchachusha wa leo. Hakuna aliyetufundisha hivyo darasani, tulizaliwa tukauona. Hata Daktari mama yake alikuwa na kibuyu chake. Kwa hiyo transfoma ya mtaa ilipolipuka mapema mwaka ule, friji ikaungua ikawa kabati, na mirija tuliyohifadhia mbegu ya kwanza ikaota ukungu, hakuna aliyeshtuka. Si tuna pipa? Kila tulipovuna tulibakisha kidogo chini, tukamwaga chakula kipya juu. Kilichotusumbua ni povu. Ai, lile povu! Hewa ikiingia pipa linaumuka, povu linainua kifuniko, linatambaa sakafuni hadi kwa kinyozi, wateja wanainua miguu. Tukalifungia mpira wa kulitoa hadi kwenye ndoo, na kila asubuhi mmoja wetu akaibeba ndoo na kuimwaga mtaroni nyuma ya kibanda cha Mama Kevo. Povu lilikuwa adui. Siku pipa likitulia tulimshukuru Mungu, na kadiri miezi ilivyokwenda lilizidi kutulia.

Ilikuwa Oktoba, jua halijatua, nimepanga jerikeni zangu kwenye foleni ya maji, sina hata nguvu za kusikiliza umbea. Mbele yangu Mama Kevo alikuwa anaongea na yule jamaa aliyekuwa akizibua mitaro ya ploti.

"Mathe, mbona siku hizi hunitafuti?" jamaa akalalamika. "Ile mtaro yako ndiyo ilikuwa inanilisha."

"Nikutafutie nini? Mtaro iko safi," Mama Kevo akasema. "Haijaziba tangu mwaka ianze, na mafuta namwaga ile ile."

"Wacha jokes. Mtaro ya chips haizibi?"

"Enda uangalie basi! Hata simiti imekuwa nyeupe."

Niliacha jerikeni. Anayeijua Kware anajua kuacha nafasi yako kwenye foleni ya maji ni wazimu. Nikazunguka nyuma ya kibanda. Upande wa juu, kabla ya pale tulipomwagia ndoo, mtaro ulikuwa mweusi, mafuta yameganda hadi pomoni. Kuanzia pale tulipomwagia kushuka chini, ulikuwa umetakata kama umepigwa msasa. Nilisimama hapo nikitazama, kichwa kizito, kisha nikamwita Nekesa kwa sauti hadi madirisha yakafunguka. Akashuka na mwiko mkononi, ameacha omena motoni.

"Tumekuwa tukimwaga nini hapa?" nikamwuliza.

"Si povu." Akatazama mtaro. Akatazama tena. "Wambui. Sabuni hukaa wapi?"

"Kwenye povu."

"Na wale wanaoitengeneza?"

Wanaofanya kazi walipanda na sabuni yao, wakabebwa na povu hadi kwenye mpira, hadi kwenye ndoo, hadi mtaroni. Waliobaki chini ni wale waliokula molasi na kulala. Na sisi, watoto wa uji, tulikuwa tunachukua mbegu chini.

"Tumefuga wavivu," Nekesa akasema taratibu. Akaigeuza ndoo, akaikalia. "Woi, Wambui, mwaka mzima tumelisha wavivu na kumwaga wafanyakazi. Nafula angekuwa hapa Pasaka. Angekuwa hapa na sweta yake." Akalia pale pale, bila pazia, mwiko ukiwa mapajani. Juu omena ziliungua na ghorofa yote ikajua. Mimi nilikuwa na hasira ya kutaka kulipiga lile pipa teke, lakini nilibaki nimemshika bega tu.

Daktari alipofika kesho yake tulimpeleka nyuma ya kibanda. Alitazama mtaro, akalegeza tai, akasema neno moja, "Uji," akarudi ndani kukaa. Sikumcheka, wote tulikuwa tumekunywa chungu kimoja. Kilichotuokoa ni uvivu wetu: hatukuwahi kuosha ule mpira wa povu. Ndani yake kulikuwa na ukoko mkavu, wa povu la miezi ya kwanza. Tukaukwangua, tukaupandikiza kwenye sahani za kukuzia, na wadudu walipoota tukawapima kundi kwa kundi kwa tone na oili. Wengi hawakufaa kitu. Nekesa hakula sawasawa siku hizo, alikuwa anatembea na kikombe cha chai kutoka meza hii hadi ile bila kukinywa. Halafu asubuhi moja nikasikia kikombe kimewekwa mezani. Oili ilikuwa imekimbia hadi ukingoni. Hatukupiga makofi. Daktari alisema, "Sasa povu liacheni lipande," na tangu siku hiyo tukalipokea kwenye pipa safi kama mavuno, kwa sababu ndilo lilikuwa mavuno, na mbegu tukaichukua huko huko. Mirija ya akiba tukaiomba nafasi kwenye friji ya soda ya Mama Kevo. Alikubali kwa sharti moja, kwamba ndoo tuendelee kumwaga kwake.

Desemba tukaenda Industrial Area na mapipa yetu kwenye pikapu ya kukodi. Tangi lilikuwa linanuka hadi machozi yanatoka. Tukaitia sabuni ya wadudu, tukaizungusha kwa pampu, tukaiacha ifanye kazi, na ilipotolewa ikatoka nyeusi na nzito, na ndani chuma kikaonekana. Tajiri aliingiza mkono, akapangusa ukuta kwa leso yake nyeupe, akaitazama huku na huku. "Waandike," akamwambia Daktari, akaenda zake kula. Hayo tu. Nekesa alitoka hadi getini, walipokaa watu wanaosubiri kibarua, akapiga simu Bungoma mchana ule ule. Nilisimama karibu naye. Akasema apewe Nafula, na mtoto alipoishika simu hakungoja salamu, akauliza kama kawaida, "Umeshaandikwa?"

"Nimeandikwa," Nekesa akasema. "Nafula, nimeandikwa. Nakuja kukuchukua."

Kuku wa Bungoma wakalia. "Haya," mtoto akasema, akampa nyanyake simu.

Nekesa aliitazama ile simu, akacheka kwa upande wake mmoja wa mdomo. "Hajaamini," akaniambia.

Kazi yenyewe ilidumu miaka michache, kisha sabuni za bei ya chini zikaja kwa meli na tajiri akatusahau. Daktari alizeeka, akafa. Mimi nikaenda kwetu kusimamia maabara ya shule, na Nekesa akabaki hapa Kware akichanganya sabuni ya kawaida ya maji na kuiuza kwa jerikeni hadi mtaa wa Pipeline. Nikijiuliza leo ule mwaka ulinifunza nini, jibu linanichosha hata kulisema. Ulinifunza kutazama kile ninachomwaga. Ni mengi mno niliyoyamwaga kabla ya hapo na baada ya hapo.

Basi hayo yote ndiyo niliyotakiwa kuyasema kwa kifupi. Nikajitoa kwa wageni, nikaingia jikoni kumsaidia Nafula vyombo. Alikuwa anasugua sufuria ya pilau kwa sabuni ya jerikeni ya mwisho aliyoiacha mamake, mikono imezama hadi viwiko. Hakugeuka.

"Anti Wambui, nikuulize kitu? Lakini usinidanganye kwa sababu ya msiba."

"Uliza."

"Ule mwaka kabla hajanichukua. Kulikuwa na mwanaume?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti katika nyumba ya matanga hadi sebuleni wakanyamaza. "Mwanaume! Nani alikuambia?"

"Senge. Alisema Nekesa amepata mtu Nairobi, hataki mtoto. Nilikuwa namsikia akiwaambia watu pale kwetu. Na Nekesa mwenyewe nikimwuliza alikuwa anasema tu alikuwa kazini."

Senge ni shangazi, na huyo naye ameshakufa, sina wa kumgombeza. Nikakaa kwenye debe la unga, miguu ikashukuru, nikamwambia. "Hakukuwa na mwanaume, Nafula. Kulikuwa na pipa." Nikamsimulia molasi, blanketi, uji, ndoo, mtaro wa Mama Kevo, na jinsi mamake alivyokalia ndoo akalia. Nikamsimulia sweta jekundu. Hakutoa simu. Maji ya vyombo yalipoa, povu likazama, naye bado ameshika ile sufuria.

"Kwa hivyo ningekuja Pasaka," akasema mwishowe.

"Ungekuja Pasaka."

"Hiyo sweta naijua. Ilinibana. Nilifikiri hata saizi yangu haijui."

"Alikuwa ameinunua kwa saizi ya Pasaka, mwanangu."

Nafula aliiweka sufuria chini, akajifuta uso kwa mkono wenye sabuni, macho yakamwasha, akalia kwa hayo na kwa mengine. Sikumnyamazisha. Tulikuwa bado hivyo wakati yule bwana wa kamati aliposukuma mlango, kalamu mkononi.

"Pole, Nafula. Upande wa familia, ni nani atasema juu ya Nekesa?"

"Mimi."

"Sawa. Kwa kifupi tu, kuna kwaya."

"Hapana," Nafula akamwambia. "Nasema juu ya mama yangu. Kwaya itangoja."